Je, Anayengoja Nyumbani Ndiye Mgonjwa wa Mwisho?

Swali la leo nililetewa na bwana mmoja baada ya misa ya pili, tukiwa tumesimama chini ya mti pale uwanjani kila mtu akitafuta kivuli. "Mwalimu," akaniambia, "mke wangu ameolewa na hospitali. Mimi ni mume wa pili." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mkewe ni daktari wa chumba cha dharura, kile tunachokiita kasualti, katika hospitali moja ya kaunti. Bwana ni mwalimu wa sekondari, na wamejaliwa watoto watatu. Wameniruhusu niandike habari zao mradi nisiwataje, nami nimebadilisha mambo madogo madogo ili hata jirani yao asiwatambue.

Basi siku ile nilimjibu haraka. Nilimwambia, "Bwana, mkeo anaokoa maisha ya watu. Rudi nyumbani uvumilie." Niliona nimesema neno la busara. Yeye akanishukuru, akaenda zake, na kwa miezi mingi hakunijia tena na neno lolote. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba sikumshauri, nilimfukuza. Nilimpa jibu ambalo alikuwa amekwisha kujipa mwenyewe kila usiku, na ambalo halikuwa limemsaidia.

Hebu tulitazame swali lenyewe bila haraka. Kazi ya kuokoa maisha ina haki ya kuchukua kiasi gani cha ndoa? Usijibu upesi kama mimi. Chukua jioni moja tu. Zamu ya mama imekwisha saa mbili za usiku. Anavua koti aende nyumbani, na papo hapo matatu iliyopinduka inaleta majeruhi saba. Nyumbani kuna chakula kinachopoa, mtoto anayetaka kusomewa kazi ya shule, na mume ambaye ana jambo la kusema. Pima mwenyewe: upande huu kuna mtu anayetokwa damu, upande ule kuna ugali. Nani atathubutu kusema ugali kwanza? Hakuna. Mama anabaki, na amefanya haki.

Sasa chukua jioni ya pili, na ya kumi, na ya mia. Kila jioni ukipima unapata jibu lile lile, na kila jibu ni sahihi. Lakini ukizijumlisha jioni hizo zote, unakuta watoto waliolelewa na msichana wa kazi na mume anayekula peke yake miaka minane. Hapo ndipo penye fumbo. Yawezekana kila uamuzi peke yake uwe wa haki, na jumla yake iwe dhuluma? Mimi nasema yawezekana, na sababu yake tutaipata hapo hapo kasualti.

Wengi wetu tumewahi kukaa kwenye yale mabenchi. Umefika saa moja asubuhi na tumbo linakuuma, kisha anakuja mtu saa tatu, anapitishwa mbele yako, nawe unanung'unika kwamba hongo imetembea. Mara nyingi si hongo. Katika chumba cha dharura watu hawatibiwi kwa kufuata nani amefika kwanza. Muuguzi anayekupokea anakupima pumzi, mapigo ya moyo, presha na joto. Anaangalia kama unaweza kutembea na kama unajibu ukiitwa, kisha anakupanga. Kuna mpango mmoja uliotengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 2000 na ambao unatumika katika nchi nyingi za Afrika. Wagonjwa hupewa rangi. Mwekundu anahudumiwa papo hapo. Wa rangi ya machungwa asizidi dakika 10. Wa manjano asizidi saa moja. Wa kijani aweza kungoja hadi saa 4.

Jambo hili la kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali yao lina historia ndefu. Dominique-Jean Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon huko Ufaransa, aliyefariki mwaka 1842, anakumbukwa kwa kushikilia kwamba majeruhi watibiwe kwa kadiri ya jeraha, si kwa kadiri ya cheo. Jemadari mwenye mkwaruzo angoje, askari wa kawaida aliyekatika mguu aanze. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa, na hata leo ni jambo kubwa. Mbunge na mchuuzi wakifika pamoja, jeraha ndilo linaloamua. Wapo wanaojaribu kupita kando, mnawajua, lakini sheria ndiyo hiyo na ni sheria nzuri.

Iko siku moja ambapo hata sheria hiyo hugeuka. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, watu zaidi ya 200 walikufa na maelfu wakaumia. Wengi waliumia macho kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, ndipo mlipuko mkubwa ukawarushia vioo. Majeruhi wanapokuja kwa mamia hivyo na mikono ya waganga ni michache, daktari halazimiki tena kuanza na aliye mahututi kuliko wote. Aliye karibu kufa hata akihudumiwa anaachwa kando kwanza, ili wakati ule ule uokoe watatu wanaoweza kupona. Fikiri wewe ndiwe unayepita kati ya watu waliolala sakafuni, unamtazama mtu machoni, naye anakutazama, kisha unakwenda kwa mwingine. Halafu jioni unaulizwa nyumbani, "Habari za kazi?" nawe unajibu, "Salama."

Nitalirudia hilo la "salama" baadaye. Kwanza nimalize habari ya yule bwana.

Siku moja, alinieleza, mkewe alimfafanulia mpango huo wa rangi wakiwa mezani. Naye akasema kwa utani, "Basi mimi ni wa kijani." Mama akacheka, akakubali. Tangu siku hiyo likawa neno la nyumba. Mama akichelewa, bwana anawaambia watoto, "Sisi ni wa kijani, tungoje." Lakini utani ukirudiwa sana huacha kuwa utani. Bwana alianza kuamini kwamba haki ya kutazamwa ataipata siku atakapovunjika mguu.

Hakuvunjika mguu. Alianza kupata kiu. Aliamka usiku mara nne, mara tano, kwenda msalani. Suruali zikaanza kumpwaya, akatoboa mshipi tundu jipya, kisha la pili. Darasani macho yakawa na ukungu. Ninyi mnaosoma hapa pengine mmekwisha kutambua ugonjwa, na mke wake angeutambua kwa dakika mbili kama bwana angekuwa mtu baki amekaa kwenye benchi. Lakini hakuwa mtu baki. Alikuwa mume, na mume hakuwa kwenye foleni. Wahenga walisema mganga hajigangi. Nadhani wangeweza kuongeza kwamba hata aliyelala ubavuni pake hamwoni.

Naye bwana hakusema. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu, "Alikuwa amechoka. Ningemwambiaje nina kiu mtu aliyetoka kushika maiti ya mtoto?"

Jumatano moja jirani alimkuta amekaa mlangoni, anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, maneno yake hayaeleweki. Akamtia kwenye teksi hadi hospitali ile ile. Mama alikuwa zamu. Mashine ndogo ya kupimia sukari haikutoa nambari yoyote, iliandika tu kwamba sukari imepita kiwango inachoweza kupima. Muuguzi akampa rangi nyekundu.

Si vyema daktari kumtibu mtu wa nyumbani mwake, kwa maana mkono hutetemeka na akili huona inachotaka kuona. Mwenzake akachukua kazi. Alimwekea dripu mbili, akaanza insulini, na mama akaombwa kwa upole atoke nje. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya udaktari wake alikaa kwenye lile benchi la jamaa, kati ya mama mmoja mwenye kanga na kijana wa bodaboda. Aliniambia kwamba pale ndipo alipohesabu siku, akaona hawezi kukumbuka lini mara ya mwisho alimwangalia mumewe usoni huku taa ikiwa imewaka.

Bwana alipona, Mungu ni mwema. Anadunga sindano, anapima sukari, na amerudi kufundisha. Walipokuja kwangu wote wawili, sikuthubutu tena kutoa jibu la haraka. Tulizungumza majuma kadhaa, na mengi ninayoyaandika hapa ni mama aliyenifundisha mimi.

Aliniambia hivi: "Mwalimu, mimi nilipeleka sheria ya kasualti nyumbani, lakini niliipeleka nusu." Nikamwomba anieleze. Akasema kule kazini mgonjwa wa kijani hasahauliwi. Ana mahali pake kwenye foleni na ana muda wake uliowekwa. Zaidi ya hayo, hapimwi mara moja tu. Muuguzi hurudi kumpima tena, kwa sababu anayengoja hubadilika. Aliyeingia akitembea anaweza kuzimia benchini. Mgonjwa wa kijani akikutwa amekufa pale alipokaa, kosa si kwamba alipewa kijani. Kosa ni kwamba hakuna aliyerudi kumtazama.

Nyumbani mama alimpa mumewe rangi mara moja, miaka minane iliyopita, na hakurudi.

Wapendwa, naona hapa ndipo fumbo letu linapofunguka. Uamuzi wa kila jioni ulikuwa wa haki kwa kadiri ya jioni ile. Lakini haki ya kumwambia mtu "ngoja" inakuja na deni, na deni hilo lina tarehe ya kulipwa. Ukimwambia mwenzako angoje, umeahidi kwamba utakuja. Ukisema "ngoja" mara mia bila kuja hata mara moja, ile ya mia si sawa na ile ya kwanza hata kama mgonjwa aliyekuzuia ni mahututi vilevile. Hapo humwombi tena mwenzako angoje. Umemwacha, ila hujamwambia.

Wengine watanipinga na kusema, "Lakini katekista, ungependa yule majeruhi afe?" Sipendi. Na kwa majeruhi aliyeko mbele yako hakuna mjadala. Hata Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini tazama Katiba imemwekea nani mzigo huo. Haikusema mama fulani asiende kwake. Ni wajibu wa serikali na wa hospitali nzima kuhakikisha yupo daktari anayepokea pale mwingine anapoondoka. Penye daktari mmoja panapohitajika watatu, anayelipa upungufu huo ni nani? Ni mtoto anayelala bila kumwona mama yake. Madaktari wa hospitali za umma walipogoma siku 100, tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, tulizungumza sana juu ya mishahara, nasi wananchi tuliumia sana, wengine wakafiwa. Sisemi mgomo ule ulikuwa mwema. Nasema hapakuwa na wengi waliouliza ni nani hulipa siku zile nyingine ambazo hakuna mgomo.

Mnaukumbuka mfano wa Msamaria mwema. Tumeuhubiri mara nyingi kwa ajili ya kusimama kwake njiani, na ni haki. Lakini someni mwisho wake polepole. Msamaria alimfunga yule mtu majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akakaa naye usiku ule. Kesho yake akafanya nini? Akatoa dinari mbili, akamkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba, akaendelea na safari yake, huku akiahidi kupita tena. Alikuwa na safari, na hakuifuta. Kumkabidhi mgonjwa kwa mwingine aliye tayari hakukupunguza wema wake hata kidogo. Daktari anayemaliza zamu, akamweleza mwenzake kitanda kwa kitanda nani yuko vipi, kisha akaenda kwake, anafanya vile vile. Isipokuwa wengi wao, mama akiwa mmoja wao, huona aibu kuondoka. Hukaa saa moja zaidi, saa mbili zaidi, hata pale mwenzake amefika na amenawa mikono. Nilimwuliza kwa nini. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kule ninajua la kufanya."

Jibu hilo lilinigusa kuliko yote. Kule ninajua la kufanya! Mtu akizimia unajua hatua. Mume akinuna hujui. Tusiwe wepesi kuita kila kuchelewa sadaka. Kuna kuchelewa kunakotoka kwenye hofu ya nyumba. Na hili si la madaktari peke yao. Yuko mfanyabiashara anayefunga duka saa nne za usiku wakati wateja waliisha saa moja, yuko mzee wa kanisa asiyekosa mkutano hata mmoja. Ninaandika nikijitazama mwenyewe pia.

Tena kuna mwili. Mwaka 1997 watafiti walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake hushuka kama wa mtu mwenye pombe ya kiasi cha asilimia 0.05 katika damu. Hungekubali dereva wa hivyo akuendeshe hadi Mombasa. Kwa hiyo daktari anayekwenda kulala kwake hamwibii mgonjwa. Huyo mgonjwa wa kesho naye ana haki ya kukuta akili iliyo nzima.

Sasa nirudi kwenye lile neno "salama." Daktari amefungwa na siri za wagonjwa wake, na mwenzi mwema hamchokonoi: ni mtoto wa nani, alikuwa na nani garini, alikutwa na ugonjwa gani. Hayo si yako, hata kama mmelala kitanda kimoja. Lakini siri ya mgonjwa si ukuta wa kujificha nyuma yake. Mama aweza kusema, "Leo tumempoteza mtoto, na siwezi kula," bila kutaja jina wala kijiji. Hapo amemtunzia mgonjwa siri yake, na mume hakunyimwa mke wake. Anayesema "salama" kila siku humlinda mwenzake siku ya kwanza; kufikia mwaka wa tano anakuwa mgeni anayelala hapo.

Nanyi mnaongoja, msidhani nimewaacha. Bwana yule alitenda kosa ambalo lilifanana na fadhila. Alinyamaza kwa upendo, lakini ndani ya unyamavu ule, alikiri mwenyewe, kulikuwa na kijiba: "Acha aone mwenyewe." Aliufanya ugonjwa wake mtihani ambao mkewe hakujua anafanya. Usishindane na mtu anayekufa, maana utashindwa kila mara na utabaki na uchungu. Lakini pia usijipe rangi mwenyewe. Sema una kiu. Sema una upweke. Mgonjwa anayefika kasualti akasema "niko sawa tu" huku akishika kifua, hata daktari hodari anaweza kumkosa.

Neno moja kwa jamaa na majirani, kwa kuwa nimelisikia. Daktari akiwa mwanamume, mkewe huambiwa ajivunie. Akiwa mwanamke, mumewe huulizwa kwa kejeli nani anapika. Huyo bwana aliulizwa hivyo na watu wa jumuiya yake mwenyewe, na tusijifanye hatukusikia. Kama kungoja ni mzigo, ni mzigo ule ule ukiwa juu ya kichwa cha mama au cha baba.

Hawa wawili hawajamaliza shida zao. Kuna majuma mama hurudi usingizi umemlemea asiweze kusema lolote. Walichopatana ni kidogo: kwamba akichelewa atapiga simu na kutaja saa, si "baadaye", kwamba mwenzake wa zamu akifika, ataondoka, na kwamba kila siku, hata kwa dakika kumi, mmoja atamwuliza mwenzake alivyo na kungoja jibu. Mama amemwandikia mkubwa wake kuomba madaktari zaidi usiku. Hajajibiwa.

Jumapili iliyopita nilikuwa kwao kwa chai. Simu ikalia: basi na lori, barabara kuu, wanaitwa wote walio karibu. Mama akasimama, akachukua funguo. Bwana akasema, "Nenda, wewe nenda."

Akafika mlangoni, akageuka. "Umepima sukari?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

Bwana akamtajia nambari, kisha akaongeza kwamba jana usiku miguu ilimwasha kidogo. Mama aliachia kitasa cha mlango, akamsikiliza mpaka alipomaliza, akamwambia wataitazama kesho saa kumi jioni akitoka zamu. Bwana akachukua kalamu, akaandika kwenye kalenda ya ukutani.